Kibali cha kupanda milimani: kanuni ya mwaka 1873 iliyobadili mikono

Ndege ikitua Lengpui, uwanja mdogo unaohudumia mji wa Aizawl kaskazini-mashariki mwa India, abiria hugawanyika kabla hata hawajachukua mizigo. Wamizo, wenyeji wa jimbo hili la Mizoram, wanapita moja kwa moja. Raia wengine wa India, awe mwalimu kutoka Delhi au fundi rangi kutoka Assam jirani, wanapanga foleni dirishani wakiwa na kitambulisho na picha ndogo mkononi. Wanajaza fomu, wanalipa ada, wanapewa karatasi ya kukaa siku 15. Anayetaka miezi sita lazima atafute mwenyeji wa kumdhamini. Na hapo hakuna aliyevuka mpaka wa nchi: rupia ni ile ile, bendera ni ile ile, na mbunge wa Mizoram anakaa katika Bunge lile lile la Delhi.

Karatasi hiyo ni kibali cha Mstari wa Ndani. Inatakiwa pia Arunachal Pradesh, Nagaland na, tangu Desemba 2019, Manipur. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ni kulinda ardhi na utamaduni wa wenyeji, ambao ni wachache, wasimezwe na mamilioni ya watu wa nchi tambarare. Kwa leo jibu hilo ni la kweli. Lakini sheria yenyewe iliandikwa mwaka 1873, miaka 74 kabla ya uhuru wa India, na aliyeiandika hakuwa akiwafikiria Wamizo wala Wanaga wa Nagaland. Alikuwa anafikiria chai.

Naona watu wengi wanaojadili sheria za kulinda makabila ya asili wanashika upande mmoja tu wa habari hii. Wapo wanaosema ni urithi wa mkoloni, basi ifutwe. Wapo wanaosema ni ngao ya wanyonge, basi isiguswe. Mimi nadhani lazima tuifuate tangu ilipozaliwa, tuone ilivyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ndipo tuelewe kwa nini watu wale wale waliofungiwa nayo ndio leo wanaoandamana isiondolewe.

Chai, tembo na hazina ya serikali

Mwaka 1823 Mskoti aitwaye Robert Bruce alionyeshwa na Wasingpho, watu wa pembe ya mashariki ya Assam, majani ambayo wao walikuwa wakiyachuma na kuyanywa. Yalikuwa majani ya chai. Miaka mitatu baadaye, kwa mkataba wa Yandabo, Burma iliyokuwa imeshindwa vitani iliiachia Assam, na Kampuni ya Mashariki ya India, ya Waingereza, ikaikalia. Mwaka 1839 ikaundwa Assam Company, kampuni ya kwanza ya mashamba ya chai huko. Kufikia miaka ya 1860 homa ya chai ilikuwa imepanda kweli kweli: watu wasiojua hata mche wa chai unafananaje walikuwa wakijitwalia misitu na kuifyeka kuelekea miguuni mwa milima.

Na miguuni mwa milima hapakuwa patupu. Watu wa milimani walishuka hapo kuwinda, kuuza utomvu wa mpira wa porini na nta, na kununua chumvi. Wafalme wa Ahom, waliotawala bonde la Assam kwa karibu miaka 600, walikuwa wamejenga na baadhi ya makabila hayo utaratibu ulioitwa posa: vijiji fulani vya bondeni vilitoa kila mwaka nguo, chumvi na vitu vingine kwa koo fulani za milimani, na koo hizo hazikuvamia. Kwa macho ya Mwingereza hayo yalikuwa malipo ya kutishiwa tu. Akayageuza fedha taslimu za serikali, akawa anazitoa na kuzizuia kama fimbo. Masikilizano kati ya majirani wawili yakawa posho ya bwana mmoja.

Mashamba yakazidi kupanda. Wenye mashamba walipatana ardhi na machifu wenyewe kwa wenyewe, serikali haijui. Wafanyabiashara wa mpira waliingia msituni kila mmoja na mizani yake. Ugomvi ukizuka na shamba likichomwa, mwenye shamba alikimbilia kwa mkuu wa wilaya kudai askari. Askari kupanda milimani ilikuwa gharama kubwa, barabara hakuna, malaria tele, na kodi ambayo ingetoka huko isingelipa hata wapagazi.

Tukio moja lilitia chumvi kwenye kidonda. Januari 1871 mashujaa wa Kilushai, kama Wamizo walivyoitwa wakati huo, walivamia mashamba ya chai ya Cachar, mahali ambapo mashamba yalikuwa yamekwisha kula sehemu ya mapori yao ya kuwinda. Katika shamba la Alexandrapur walimuua James Winchester na kumchukua binti yake Mary, mtoto wa umri wa miaka sita hivi. Walimpeleka milimani, akakaa mwaka mzima katika kijiji cha chifu Bengkhuaia huko Sailam. Wamizo walimpa jina, Zoluti, na mpaka leo wanamsimulia kwa jina hilo. Serikali ilituma misafara miwili ya kijeshi, mmoja kutokea Cachar na mwingine kutokea Chittagong, na mtoto akarudishwa mwanzoni mwa 1872.

Mwaka uliofuata ikatoka Kanuni ya Mpaka wa Mashariki wa Bengal.

Ni kanuni fupi, na kila nikiirudia naona vifungu vyake vinasema vyenyewe vilikuja kulinda nini. Kwanza inaipa serikali mamlaka ya kuchora katika wilaya za mpakani mstari utakaoitwa Mstari wa Ndani. Pili, inakataza raia wa Uingereza, au kundi lolote la watu litakalotajwa, kuvuka mstari huo bila pasi. Tatu, atakayekutwa na hatia akiwa na mpira, nta, pembe za ndovu au mazao mengine ya msituni, vitu hivyo vinaweza kutaifishwa. Nne, mtu asiye mwenyeji wa wilaya hizo hawezi kujipatia ardhi, wala haki juu ya mazao ya ardhi, ng'ambo ya mstari bila idhini ya serikali. Na tano, serikali inajipa uwezo wa kutunga masharti ya kukamata tembo, kwa maana tembo ndiye aliyekuwa lori la zama zile.

Hakuna kifungu kinachotaja lugha ya mtu, mila yake wala imani yake. Pasi ile ililenga anayepanda, yaani mwenye shamba, mchuuzi na mtega tembo, kwa sababu hao ndio walioiingiza serikali katika vita isivyovitaka.

Serikali ilieleza pia kwamba Mstari wa Ndani si mpaka wa dola. Ulikuwa mwisho wa eneo ambalo maofisa wake walitoza kodi na kuendesha mahakama. Ng'ambo yake Uingereza bado ilijiona ndiye mwenye nchi, ila haikujifunga kumtumikia wala kumlinda mtu yeyote huko. Ndiyo maana mstari wenyewe haukukaa mahali pamoja. Palipoonekana ardhi nzuri ya chai au msitu wenye faida upande wa pili, ulisogezwa. Uzio wa kweli wa kulinda wenyeji haulegezwi kila mwenye shamba anapobisha hodi.

Na wakati huo huo, upande huu wa mstari, serikali ile ile iliwakusanya Wasantali, Wamunda na Waoraon, ambao nao ni watu wa asili wa nyanda za Chota Nagpur, na kuwapeleka kwa maelfu katika mashamba ya Assam kwa mikataba ya kazi iliyokuwa na adhabu ya jinai ndani yake. Sheria ya 1865 ilimruhusu mwenye shamba kumkamata mwenyewe kibarua aliyetoroka. Wajukuu wa vibarua hao wako Assam mpaka leo, wanachuma chai, na katika jimbo hilo hawajatambuliwa rasmi kuwa makabila ya asili, ingawa ndugu zao waliobaki walikotoka wanatambuliwa. Kama nia ya mkoloni ingekuwa kuwalinda watu wa asili, hawa wangekuwa wa kwanza.

Uzio unapoanza kuitwa ulinzi

Basi neno ulinzi liliingiaje? Liliingia polepole, baada ya milima yenyewe kutekwa. Wanaga wa Khonoma walipigwa vita vikali mwaka 1879 na 1880. Milima ya Walushai ilikaliwa kijeshi kuanzia 1889. Sasa mstari haukuwa tena ukingo wa utawala, ulikuwa umezingira maeneo ambayo Mwingereza anayatawala. Kwa nini basi usifutwe? Kwa sababu maofisa waliokaa huko waliupenda. Mlimani ofisa mmoja na machifu wake walitosha kuendesha wilaya nzima: hakuna wanasheria, hakuna magazeti, hakuna wanasiasa wa Congress, chama cha wapigania uhuru.

Lakini si haki kusema ilikuwa hila tupu. Miaka ya 1920 na 1930 maofisa kama J. H. Hutton na J. P. Mills, waliokaa miaka mingi na Wanaga na kujifunza maisha yao, waliamini kwa moyo kwamba mkopeshaji wa riba na mfanyabiashara kutoka bondeni wakiachiwa njia watamaliza ardhi ya watu katika kizazi kimoja. Walikuwa wameshaona ikitokea kwingine India. Hoja yao ikaingia katika sheria kubwa: sheria ya utawala ya 1919 iliyaita maeneo haya yaliyo nyuma, na ile ya 1935 ikayaita maeneo yaliyotengwa, yaani yasiyoguswa na mabaraza ya kuchaguliwa. Wapigania uhuru wa India wakasema mkoloni anawatenga ndugu zetu ili atawale milele. Maofisa wakasema tunawaokoa na nyinyi. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na hakuna upande uliokwenda kuwauliza watu wa milimani.

Waliojitokeza kusema wenyewe walikuwa Wanaga. Wengi wao, yapata 2,000, walikuwa wamepelekwa Ufaransa kama vibarua wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliona dunia, wakakutana Wanaga wa vijiji vilivyokuwa vikihasimiana, na mwaka 1918 ikazaliwa Naga Club. Tume ya Simon, iliyotumwa na Uingereza, ilipofika Kohima Januari 1929 kuuliza habari za katiba mpya, wanachama 20 wa klabu hiyo waliipa waraka uliotiwa saini. Waliomba wasiunganishwe na mabadiliko ya India, na kama Mwingereza anaondoka, basi waachwe wajiamulie mambo yao kama zamani za kale. Huo ndio wakati, kwa maoni yangu, mstari ulipoanza kubadili mikono. Uliochorwa ili watu wa bondeni wasisumbue serikali, watu wa milimani wakaudaka na kusema: huu ni mpaka wetu.

India ilipopata uhuru ingeweza kuifuta kanuni ile kwa kalamu moja. Haikuifuta. Katika marekebisho ya sheria ya mwaka 1950, palipoandikwa raia wa Uingereza pakaandikwa raia wa India. Ni mabadiliko ya maneno machache, lakini yaligeuza kila kitu. Kanuni iliyotungwa kumzuia mwenye shamba na mchuuzi wa himaya sasa ilimzuia mwananchi wa jamhuri asiingie sehemu ya jamhuri yake. Bunge la Katiba lilibishana sana juu ya milima hii mwaka 1949. Kuladhar Chaliha wa Assam aliona mamlaka ya pekee kwa makabila yatazaa utengano. Mchungaji J. J. M. Nichols-Roy, Mkhasi kutoka milima ya Meghalaya ya leo, aliyatetea kwa nguvu, na Gopinath Bordoloi, waziri mkuu wa Assam aliyeongoza kamati iliyozunguka milimani, alitafuta njia ya kati. Likazaliwa Jedwali la Sita la Katiba, lenye mabaraza ya kujitawala ya wilaya. Kibali cha kuingia kikaachwa kikae pembeni yake. Jawaharlal Nehru naye, akisikiliza ushauri wa mwanaanthropolojia Verrier Elwin, alishika msimamo kwamba watu wa milimani waendelee kwa akili na mwendo wao, na ardhi na misitu yao iheshimiwe. Kisha vita na China mwaka 1962 vikaongeza sababu nyingine, ya kijeshi.

Kuna jambo huwachanganya wasafiri, nalo ni hili: kibali cha Mstari wa Ndani ni cha raia wa India. Mgeni kutoka nje, awe Mtanzania au Mfaransa, anaguswa na amri nyingine kabisa, iliyoanzia mwaka 1958, inayohusu maeneo yenye ulinzi. Amri hiyo ililegezwa kwa miaka kadhaa Manipur, Mizoram na Nagaland, ikakazwa tena Desemba 2024. Nia yake ni usalama wa mpaka, haikutoka kwenye mashamba ya chai.

Kiini ni ardhi

Ukikaa na kibali chenyewe utaona si ukuta. Kwa Arunachal mtu anaomba mtandaoni. Anayetaka kuingia ataingia. Nguvu ya mfumo iko katika kile kifungu cha ardhi cha 1873, ambacho sheria za baadaye zilikijengea nyumba: Nagaland ilipofanywa jimbo mwaka 1963 na Mizoram mwaka 1987, Katiba iliahidi kwamba sheria za Bunge la Delhi kuhusu umiliki na uhamisho wa ardhi hazitatumika huko mpaka bunge la jimbo likubali. Mfanyabiashara wa Kolkata anaweza kukaa Aizawl kwa kibali, akauza bidhaa za duka zima, lakini kiwanja chini ya duka hakitakuwa chake. Kibali hiki ni sheria ya ardhi iliyovaa kanzu ya sheria ya safari.

Wanaokitetea hawaelezi nadharia. Wanakwambia: tazama Tripura. Tripura ni jimbo lililo magharibi tu mwa Mizoram. Ilikuwa milki ya maharaja, kwa hiyo haikuingia katika kanuni ya 1873. Mwanzoni mwa karne ya 20 makabila ya asili yalikuwa zaidi kidogo ya nusu ya wakazi. Kisha ukaja mgawanyo wa 1947, na miaka baadaye vita vya 1971, na watu waliokimbia roho zao kutoka Pakistani ya Mashariki, Bangladesh ya leo, wakaingia kwa wimbi baada ya wimbi. Sensa ya 2011 ilihesabu makabila ya asili kuwa chini kidogo ya asilimia 32. Wakimbizi wale hawakuwa wavamizi, walikuwa watu wenye shida. Lakini kwa Mborok, mwenyeji wa asili wa Tripura, matokeo ni yale yale: lugha yake imekuwa ya wachache katika nchi ya babu yake, na mashamba ya bondeni yamekwenda.

Ndiyo maana Desemba 2019, serikali ya Delhi ilipopitisha sheria ya kuwapa uraia wahamiaji wasio Waislamu kutoka nchi tatu jirani, kaskazini-mashariki kuliwaka moto. Sheria hiyo ikatamka wazi kwamba haitatumika katika maeneo ya Jedwali la Sita wala ndani ya Mstari wa Ndani uliotangazwa kwa kanuni ya 1873. Hebu fikiria: sheria ya karne ya 21 inatafuta mwisho wake, na inaukuta katika kanuni ya mpira, nta na tembo. Tarehe 9 mwezi huo Waziri wa Mambo ya Ndani Amit Shah alisema bungeni kwamba Manipur nayo itaingizwa, na tarehe 11 Rais akatia saini. Nagaland ikautandaza mfumo hadi Dimapur, mji wa reli uliokuwa nje ya mstari miaka yote. Tarehe 19 Bunge la Meghalaya likaazimia kwa kauli moja kuomba kibali hicho hicho. Azimio hilo lilipelekwa Delhi.

Kwetu uzio huo ulikuwa na sura gani

Msomaji wa Kenya amekwisha kuona mfano wa nyumbani. Himaya ile ile iliyochora Mstari wa Ndani ilitunga mwaka 1902 sheria ya Wilaya za Pembezoni katika Afrika Mashariki, na chini ya sheria za namna hiyo eneo lote la kaskazini, tangu Isiolo na Marsabit hadi Garissa, Wajir na Mandera, likawa wilaya iliyofungwa. Kuingia kulitaka pasi na kutoka kulitaka pasi. Sababu zilifanana na za Assam: gharama ya kutawala ni kubwa, kodi ni kidogo, na eneo linafaa kuwa kinga baina ya nyanda za juu za walowezi na Wahabeshi na Waitaliano wa upande wa pili.

Baada ya uhuru njia ziliachana. Kaskazini mwa Kenya hakukutolewa ahadi ya kikatiba juu ya ardhi. Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari, na ikabaki mpaka 1991. Uzio ulibaki, ila uliwatazama waliomo ndani kama wa kushukiwa. Wazee wa Marsabit na Isiolo wanaposafiri kwenda Nairobi bado husema wanakwenda Kenya. Nimewahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwa utaratibu tu, bila hasira, na ndiyo sababu lilinikaa moyoni.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kanuni ya namna hii si nani aliitunga, maana huyo ni mmoja kote kuwili. Ni nani leo anayetoa kibali na nani anayekiomba. Wajir mwenyeji ndiye aliyeomba. Aizawl mwenyeji ndiye anayedhamini.

Manipur, na swali lisilojibiwa na pasi

Ningeweza kuishia hapo kama Manipur isingekuwepo. Jimbo hilo lina bonde moja, la Imphal, lenye takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi na zaidi ya nusu ya watu, wengi wao Wameitei. Milima inayolizunguka ni ya Wanaga na watu wa Kuki-Zo. Sheria ya ardhi ya 1960 inawawekea Wameitei mipaka ya kununua ardhi milimani. Wameitei kwa hiyo walijiona wamebanwa: wageni wanajaa bondeni, na wao hawawezi kupanda. Mwaka 2015 Imphal ilijaa maandamano ya kudai Mstari wa Ndani, na mwanafunzi mmoja akauawa.

Tarehe 31 Agosti 2015 Bunge la Manipur likapitisha miswada mitatu. Mmoja uliweka mwaka 1951 kuwa kipimo cha nani ni mwenyeji. Milimani watu waliisoma kwa jicho jingine kabisa: ni nani kijijini ana karatasi ya 1951? Hofu ilikuwa kwamba sheria inayotajwa kuwa ni ya kuwazuia wageni itawageuza wao wageni, na kufungua mlango wa ardhi yao. Churachandpur, mji mkubwa wa watu wa Kuki-Zo, ukalipuka usiku ule ule. Watu tisa waliuawa. Familia zao zilikataa kuwazika. Miili ilikaa katika chumba cha maiti zaidi ya siku 600, na wanawake wakawa wakikusanyika nje yake kuomboleza, hadi 2017.

Hapa ndipo kanuni ya 1873 inapofika ukomo wake. Inajua kutenganisha mwenyeji na mgeni, lakini haijui mwenyeji ni nani. Mkoloni hakuhitaji kujua. Kwake wote wa ng'ambo ya mstari walikuwa kitu kimoja. Leo kila jimbo linalazimika kuchagua mwaka. Dimapur, aliyekuwepo na hati kabla ya tarehe 21 Novemba 1979 aliachwa. Manipur, mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali 1961. Arunachal, Wachakma waliofika kuanzia 1964, baada ya bwawa la Kaptai kuzamisha mashamba yao katika milima ya Chittagong, Bangladesh ya leo, mpaka leo wanaambiwa walikaa ndani ya mstari bila haki. Na milima yao ya Chittagong ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizotajwa katika kanuni ile ile ya 1873. Wamekimbia kutoka chini ya uzio mmoja wakaangukia ndani ya mwingine usiowakubali, na waliochora ni wale wale.

Mei 2023 Manipur iliingia katika mapigano kati ya Wameitei na watu wa Kuki-Zo. Zaidi ya watu 200 wameuawa na makumi ya maelfu wameacha makwao. Kati ya bonde na milima kumewekwa ukanda wa vituo vya askari. Hakuna kanuni iliyouchora wala dirisha la kuombea pasi, lakini Mmeitei haupiti kupanda na mtu wa Churachandpur haupiti kushuka.

Uwanja wa ndege wa Imphal hauko mbali na Churachandpur, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mama wa Churachandpur anayempeleka mtoto wake hospitali kubwa ya Delhi haendi huko. Anapanda gari la abiria kuelekea kusini-magharibi, milima baada ya milima, safari ya kutwa na usiku, mpaka Mizoram. Anapandia ndege Lengpui. Akirudi atatua hapo hapo, karibu na dirisha la vibali, na barabara ile yote itakuwa bado inamsubiri.